Kuvunjika kwa Koleo Si Mwisho wa Uhunzi

Ivan Mauger, mwendesha pikipiki wa New Zealand aliyefariki dunia Aprili 2018 akiwa na umri wa miaka 78, alitwaa ubingwa wa dunia wa mchezo wa spidwei mara sita: 1968, 1969, 1970, 1972, 1977 na 1979. Walioifikia idadi hiyo ni wawili tu, Tony Rickardsson wa Sweden mwaka 2005 na Bartosz Zmarzlik wa Poland mwaka 2025. Hesabu hiyo wapenzi wa mchezo huo wanaijua kwa moyo. Sisi tunataka kuzungumzia miaka ambayo haimo ndani yake.

Spidwei si mchezo wa mzaha. Waendeshaji wanne hushindana mizunguko minne katika uwanja wa udongo, juu ya pikipiki zenye gia moja na zisizo na breki. Kona hukatwa kwa kuliserereshea pembeni gurudumu la nyuma. Zama za Mauger, ubingwa wa dunia uliamuliwa siku moja tu: washindani 16, kila mmoja akitoka uwanjani mara tano. Kuteleza mara moja kuliweza kufuta jasho la mwaka mzima.

Mwaka 1957 Mauger, kijana wa miaka 17, alifunga safari hadi Uingereza kutafuta nafasi katika klabu ya Wimbledon, London. Huko aliwakuta Ronnie Moore, bingwa wa dunia wa 1954, na Barry Briggs, aliyeupata ubingwa mwaka huo huo wa 1957. Wote wawili walitoka Christchurch kama yeye. Mbele ya miamba hiyo kijana hakufua dafu. Alirudi kwao mikono mitupu, akaendelea kujifunza huko kusini mwa dunia. Mwaka 1963 alirejea Uingereza, safari hii kwa klabu ya Newcastle, katika ligi ya daraja la chini. Miaka mitano baadaye alikuwa bingwa wa dunia.

Yapo mafunzo mawili hapa. La kwanza ni la viongozi wa michezo. Watasema klabu si nyumba ya kulelea watoto, na kwamba watazamaji hulipa viingilio ili waone ushindi. Ni kweli. Lakini hakuna anayewataka wampange asiyeweza mahali pa anayeweza. Tunachosema ni kwamba ligi ndogo ndiyo iliyompa Mauger mahali pa kukomaa, na ligi ndogo ndizo zinazokatwa kwanza fedha zinapopungua. Akataye ngazi ya chini asishangae baadaye kuona hakuna aliyefika juu.

Funzo la pili ni la vijana wenyewe. Nafasi ya pili haimfai asiyejitayarisha. Mauger alisifika kwa kuiandaa mitambo yake, mwili wake na akili yake kwa uangalifu mkubwa, katika zama ambazo wengi walitegemea ushujaa tu. Wala kilele hakikumwepusha na pigo. Mwaka 1973, mjini Chorzów, Poland, alilingana pointi na Mpoland Jerzy Szczakiel; wakaingia uwanjani wawili peke yao ili mshindi apatikane, na Mauger akaanguka. Angeweza kustaafu kwa heshima, maana tayari alikuwa na mataji manne. Hakufanya hivyo. Alishinda tena 1977, na mwaka 1979, akikaribia miaka 40, alilitwaa taji lake la sita katika mji ule ule wa Chorzów.

Kila msimu wapo vijana wanaofungashiwa virago baada ya kushindwa mara ya kwanza. Hatusemi kila mmoja wao ni Mauger. Tunasema hakuna kiongozi awezaye kumtambua Mauger kwa kumtazama msimu mmoja. Basi ngazi za chini zidumishwe, na walioteleza wapewe pa kuanzia upya.