Tuihofu Risasi Kabla ya Alumini

Katika kliniki ya magonjwa ya figo, swali ninaloulizwa mara nyingi halihusu dawa bali vyombo vya jikoni: "Daktari, ni kweli sufuria za alumini zinatuua polepole?" Jibu langu lina sehemu mbili, na ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi.

Alumini haikuingia jikoni kwa bahati. Kwa ujazo ule ule, uzito wake ni takribani theluthi moja ya uzito wa chuma. Hupitisha joto upesi, wala haipati kutu nyekundu. Ikikutana na hewa hujifunika utando mwembamba wa oksidi unaoukinga uso wake. Utando huo huliwa na vitu vyenye asidi, kama ukwaju, ndimu na nyanya, na vilevile na magadi tunayotia katika maharage. Kwa hiyo mchuzi wa nyanya uliolala ndani ya sufuria hadi asubuhi huchukua alumini zaidi.

Hata hivyo, utumbo wa mtu mwenye afya hufyonza chini ya asilimia 1 ya alumini iliyomo katika chakula, na figo huitoa kwa njia ya mkojo. Figo zilizoshindwa haziimudu kazi hiyo. Katika miaka ya 1970 ilibainika kwamba baadhi ya wagonjwa waliosafishwa damu kwa mashine walidhurika ubongo na mifupa kwa sababu ya alumini iliyokuwamo katika maji ya tiba. Mgonjwa wa figo, basi, asitumie dawa za kiungulia zenye alumini kabla ya kumwuliza daktari wake.

Sehemu ya pili inahusu risasi. Sufuria nyingi za bei nafuu hutengenezwa na mafundi kwa kuyeyusha mabaki ya injini na vyuma chakavu vingine. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, joto linalopatikana kwa moto wa mkaa unaopulizwa; lakini moto huo hauitengi risasi iliyochanganyika humo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu sufuria za mafundi wa Kameruni ulionyesha kwamba risasi ilitoka katika sufuria na kuingia katika maji yenye asidi yaliyochemshwa humo. Risasi haina harufu, hudhuru ubongo wa mtoto unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Sioni haki kuwalaumu mafundi. Wanatuuzia chombo tunachokimudu, na wao ndio wa kwanza kuvuta moshi wa tanuri. Rai yangu ni kwamba taasisi za viwango zipime sufuria zilizoko sokoni, na mafundi wafundishwe kutenga betri, vyuma vilivyopakwa rangi na vipande vyenye risasi kabla ya kuyeyusha.

Nasi nyumbani tuhamishie chakula kichachu katika bakuli la kioo au la udongo mara kinapoiva. Uji wa mtoto wenye ndimu au ukwaju usipikwe katika sufuria ambayo hatujui imeyeyushwa kutokana na nini. Muuzaji tumwulize hilo kabla hatujaulizana bei.