Watu wa Bandari ya Juba Wapewe Kiti kwenye Utafiti wa Kipindupindu

Kipindupindu kilipozuka Juba, Sudan Kusini, mwaka 2014, watafiti waliwalinganisha waliougua na wenzao waliobaki wazima. Waligundua kuwa waliosafiri na waliokula mbali na nyumbani walikuwa katika hatari kubwa zaidi, na kwamba kutibu maji ya kunywa na kupata chanjo viliwakinga watu. Matokeo hayo yalipaswa kumpeleka kila mpangaji wa utafiti moja kwa moja hadi Bandari ya Juba, kwenye ukingo wa Nile Nyeupe, ambako matishari hupakia mizigo ya Bor, Malakal na Renk. Hapo ndipo kusafiri na kula nje ya nyumba ni maisha ya kila siku. Kuli anayeshusha magunia ya unga hula alipo, kwa mama aliyeinjika sufuria juu ya jiko la mkaa, na abiria anayesubiri chombo kijae hulala kando ya mizigo yake. Nahodha naye akishang'oa nanga hana bomba jingine ila mto wenyewe.

Lakini ukitazama namna umma unavyoshirikishwa katika utafiti wa afya, utaona njia karibu zote zinapitia nyumbani. Chifu anaitwa, wazee wa boma wanakaa kikao, kisha sampuli inachukuliwa kaya kwa kaya. Utaratibu huo una heshima yake na sipendekezi uachwe. Kasoro yake ni kwamba unamtambua mtu kwa mlango wa nyumba yake, na watu wa bandarini, kwa sehemu kubwa ya mwezi, hawana mlango wa kubishwa. Mwanamke aliyerudi kutoka Sudan akiwa na watoto na vifurushi hana chifu wa kumsemea hapo aliposhukia. Mpishi kutoka Uganda au Kongo naye hahesabiki kuwa mwenyeji, ingawa chakula chake kinaliwa na wenyeji mchana kutwa.

Gharama ya kuwaacha nje ni kubwa. Mlipuko ulioanza Juni 2016 haukutangazwa kwisha hadi Februari 2018. Uliwagusa zaidi ya watu 20,000 na kuua 436, na ulifika hadi visiwani na kwenye kambi za wafugaji kandokando ya Nile. Mlipuko uliotangazwa Oktoba 2024 ulianzia Renk, mji wa mtoni uliokuwa ukipokea maelfu waliokimbia vita vya Sudan tangu Aprili 2023, na baadaye ukaifikia Juba pia. Kwamba ugonjwa huu unaufuata mto, wataalamu wanajua. Ila hawajakaa na watu wa mtoni kabla ya kuandika maswali yao.

Juba yenyewe imekwisha kuunufaisha ulimwengu kwa utafiti. Mwaka 2015 chanjo ya kunywa ya kipindupindu ilikuwa haba, ikaamuliwa watu wapewe dozi moja badala ya mbili, na watafiti wakakadiria kuwa dozi hiyo ilikinga kwa takribani asilimia 87 katika miezi ya mwanzo. Ushahidi huo ni miongoni mwa ule ulioonyesha kuwa dozi moja yafaa wakati wa mlipuko, na tangu Oktoba 2022 dozi moja ndiyo imekuwa utaratibu wa kukabili milipuko duniani. Sasa, anayepanda tishari kesho angeuliza jambo ambalo aliyeko ofisini huenda lisimjie: kinga hiyo inadumu muda gani kwa mtu anayekunywa maji ya mto kila siku? Na dozi ya pili ikipatikana akiwa Malakal, nani atajua kuwa ya kwanza aliipata Juba? Hayo ni maswali ya kisayansi kabisa, na wenye kuyajua wako gatini.

Kumwacha mtu nje kwa nia njema nako kunaumiza. Chanjo ya Ebola ilipotolewa Kivu Kaskazini na Ituri, nchini Kongo, mwaka 2018 kwa utaratibu wa utafiti, wajawazito na wanaonyonyesha hawakuruhusiwa, wakati Ebola humwacha mjamzito na matumaini machache mno, yeye na mimba yake. Uamuzi huo haukubadilishwa hadi 2019. Kwa upande mwingine, Sudan Kusini ina ushindi wake wa kujivunia. Mwaka 2006 eneo hilo lilikuwa na visa zaidi ya 20,000 vya mnyoo wa Guinea. Mwaka 2017 hakikuripotiwa hata kimoja, ingawa mwaka uliofuata vilijitokeza vichache. Waliofanya kazi hiyo kijiji kwa kijiji na kambi kwa kambi ni watu wa kujitolea wa hapo hapo, waliojua nani kahama na mifugo yake na kaelekea wapi.

Wapo watakaosema kwamba mlipuko hausubiri vikao. Ni kweli, na ndiyo sababu napendekeza kamati ya watu wa bandari iundwe wakati wa utulivu, ili ugonjwa ukiingia iwe inapigiwa simu tu. Hoja nzito zaidi ni ya uwakilishi. Katika mji uliojeruhiwa na vita, kuchagua nani amsemee nani kunaweza kuamsha uhasama wa makabila. Hofu hiyo naichukulia kwa uzito wote, na jibu langu ni kuchagua kwa kazi: makuli, manahodha, wachuuzi wa samaki, wapishi, wenye maboza ya maji, pamoja na waliorejea kutoka Sudan. Kazi hizo huchanganya watu, na Kiarabu cha Juba kinatosha kuwakutanisha, mradi asiyekijua vizuri awekewe mkalimani.

Kuhusu fedha, wengine wanaona posho inanunua ridhaa. Ridhaa ya kuchanjwa au kutolewa damu isinunuliwe kamwe. Lakini kuli anayelipwa kwa gunia akikaa kikaoni asubuhi nzima amepoteza chakula cha watoto, na kikao kisichofidia hilo kitajaa wenye mishahara peke yao. Kilifi, nchini Kenya, taasisi ya utafiti wa afya ya KEMRI imekuwa na wawakilishi wapatao 170 waliochaguliwa na wanajamii, na hata huko suala la nauli na posho limezua mjadala mrefu. Mjadala huo ni bora ufanyike hadharani.

Oktoba 2024, mwezi ule ule kipindupindu kilipotangazwa Renk, Chama cha Madaktari Duniani kilirekebisha Azimio la Helsinki kuhusu maadili ya utafiti kwa binadamu na kutaka jamii zishirikishwe kabla ya utafiti, wakati wake na baada yake. Kamati za maadili zinazopitia maombi ya utafiti Juba zina nguvu ya kuuliza swali moja kabla ya kugonga muhuri: watu wa bandarini walikutana nanyi lini, na ni kipi katika mpango wenu kilibadilika kwa sababu yao? Mpango usio na jibu urudishwe.