Neno "Bado" na Mwanamke wa Miaka Thelathini

Majuma mawili yaliyopita alinijia ofisini mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anafundisha Kiswahili na Historia katika shule moja ya upili. Ameajiriwa na bodi ya shule wala si na Tume ya Kuwaajiri Walimu, maana zamu yake haijafika, na jioni na likizoni huandika tasnifu yake ya uzamili. Alikuja kuchukua sura ya pili niliyokuwa nimeisahihisha. Nilipomwuliza mbona amekonda, alicheka kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, mwezi ujao natimiza thelathini." Alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja ugonjwa aliopimwa asubuhi ile.

Nusura nimjibu kwamba umri ni hesabu tu. Nikajizuia. Mimi pia nilitimiza thelathini, mwaka 2009, nikiwa katikati ya utafiti wa uzamifu, na niliambiwa maneno hayo na watu walionipenda kwa dhati. Hayakunifaa hata kidogo. Mtu anayelia kwa sababu nyumba inavuja haambiwi kwamba maji ni maji tu.

Tena si kweli kwamba ni hesabu. Lau ingekuwa hesabu, bibi yangu angaliipata naye. Bibi yangu, kule Taita, alijua kwamba alizaliwa mwaka wa nzige, basi. Kitambulisho chake kilitaja tarehe moja ya mwezi wa Januari, na sote tulijua kuwa karani alikisia. Hakuwahi kutimiza miaka thelathini kwa siku maalum. Aliolewa, akazaa, akazika, akazeeka, na kila hatua ilikuwa na watu wa kuishuhudia. Sisi tumepewa tarehe. Tarehe huja ikiwa umejitayarisha au hukujitayarisha.

Wasomaji wangu wengi ni walimu na wanafunzi, kwa hiyo naomba ruhusa nilitazame jambo hili kwa jicho la fani yangu. Katika lugha yetu, ukimwuliza mwanamke, "Umeolewa?" naye akawa hana mume, jibu la adabu si "La". Jibu ni "Bado". Ukimwuliza kama ana watoto, naye hana, jibu ni lile lile. Anayejibu "La" kavu huonekana ama amekasirika ama ana kisirani. Wageni wanaojifunza Kiswahili hulipata funzo hili mapema, na wengi hulishangaa.

Neno hilo lina nduguye katika sarufi, nacho ni kiambishi -ja-. Chukua mfano wa basi. Mtu akisema, "Basi halikufika," amekwisha kata tamaa, pengine yuko njiani kurudi nyumbani. Akisema, "Basi halijafika," bado amesimama kituoni na mzigo wake, anatazama barabara. Tofauti ya sentensi hizo mbili si ya wakati peke yake, ni ya matarajio. Sasa sikiliza jinsi tunavyomtaja mwanamke: hajaolewa, hajazaa. Hatusemi hivyo juu ya mtawa, maana yeye haolewi, na hapo matarajio yamefungwa. Wengine wote tumewasimamisha kituoni, watake wasitake, na aliyeamua kwenda zake kwa miguu lugha yetu haimwoni.

Msomaji mwanamume atanikumbusha kwamba yeye naye "hajaoa", na kiambishi ni kile kile. Nakubali. Lakini kapera wa miaka arubaini huulizwa kwa mzaha, akatoa jibu la mzaha, watu wakaendelea kunywa chai. Isitoshe, yeye ndiye atakayeoa, ilhali mwenzake ni wa kuolewa. Kila mwalimu anayefundisha kauli ya kutendwa amewahi kuandika mfano huo ubaoni, na mara nyingi bila kuufikiria.

Basi, mwanamke anapokaribia thelathini, kinachomsumbua si kwamba hana mume. Wengine hawamtaki mume, wengine wanamtaka na hawajampata, na wengine wanaye na bado siku hiyo inawatia simanzi kwa sababu nyingine kabisa. Kinachowasumbua, kwa kadiri nilivyoona kwangu na kwa wanafunzi wangu, ni kwamba neno "bado" linaanza kuchakaa mdomoni. Akiwa na miaka ishirini na mbili alilisema akicheka. Akiwa na ishirini na sita alilisema akitazama kando. Sasa anapolisema, anaona usoni mwa aliyeuliza kwamba hesabu inapigwa.

Mimi nakumbuka siku nililolisikia likichakaa. Ilikuwa Agosti mwaka huo wa 2009, katika harusi ya binamu yangu ambaye ni mdogo wangu kwa miaka sita. Mwongozaji wa sherehe aliwaita wasichana wote mbele wadake shada la bibi harusi. Nilibaki kitini. Shangazi yangu, kwa mapenzi matupu, akanisukuma begani akisema, "Nenda mwanangu, bado." Mwanamke aliyeketi nyuma yetu akauliza, wala hakuinua sauti, "Huyo naye?" Niliinuka, nikapita katikati ya mahema mawili, la wazee na la vijana, nikaenda moja kwa moja hadi jikoni kuosha sahani. Hapakuwa na neno la kuniita. Msichana sikuwa tena, na mama sikuwa.

Na hilo la "mama" lina kichekesho chake. Mtoto wa kike wa miaka miwili huitwa mama kwa kubembelezwa, hasa akiwa amepewa jina la bibi yake. Muuza mboga humwita mteja wake mama bila kuuliza ana watoto wangapi. Jina hilo hutolewa bure kwa kila mtu, hadi siku mwanamke anapokaribia thelathini, na ghafla linageuka kuwa ankara.

Nisije nikaonekana nahubiri kwamba miaka haina uzito. Mwili una saa yake, na wataalamu wa uzazi hueleza kwamba uwezo wa mwanamke kupata mimba hupungua polepole, kisha kwa kasi zaidi apitapo miaka thelathini na mitano. Mwanamke anayetamani mtoto ana haki ya kuhesabu. Hesabu hiyo, hata hivyo, ni yake na daktari wake. Haihitaji kamati katika chumba cha walimu.

Fauka ya hayo, tuangalie jinsi tulivyompangia maisha. Kijana wa mfumo wa 8-4-4 akimaliza chuo kikuu alikuwa na miaka ishirini na mitatu au minne. Kisha hungoja ajira. Mwalimu ninayemzungumzia amengoja miaka sita, akilipwa na wazazi wa wanafunzi kiasi wawezacho, huku deni la mkopo wa masomo likiongezeka. Nyumba anayokaa ni chumba kimoja. Tumemfunza kusubiri kila kitu, halafu tunamshangaa kwamba amechelewa. Katiba ya mwaka 2010 yenyewe inamtambua kuwa kijana hadi siku atakayotimiza thelathini na mitano. Serikali inamwita kijana, kijiji kinauliza amekuwa nini, naye kila mwezi anatakiwa kulipa kodi ya nyumba kama mtu mzima yeyote.

Ombi langu kwa walimu wenzangu ni dogo. Mnapofundisha kiambishi -ja- tafuteni sentensi nyingine mbali na "Halima hajaolewa". Mvua haijanyesha, na barua ya TSC haijafika. Na mwenzenu wa miaka ishirini na tisa anapoingia chumba cha walimu, mwulizeni kuhusu alama za kidato cha nne, au kuhusu tasnifu yake, ambayo kwa kweli ni nzuri. Kwa mwanafunzi wa kike asomaye safu hii, sina nasaha. Jibu utakaloulizwa vile utakavyo, na "La" ni neno halali la Kiswahili, hata kama watasema una kisirani.

Nirudi kwa mgeni wangu. Nilimwuliza nani hasa anayemsumbua, nikitarajia kusikia habari za shangazi au majirani. Akanyamaza kitambo. "Si kwamba ananisumbua," akasema. "Mama yangu alikuwa akiniuliza kila nikienda nyumbani. Nilikuwa nakasirika. Tangu Desemba hajaniuliza tena. Ananipa chai, tunazungumza habari za ng'ombe, narudi. Mwalimu, sikujua kwamba ningelitamani lile swali."

Sikuwa na la kumwambia. Katika kazi yangu tunafundisha kwamba kimya nacho ni usemi, lakini kufundisha hilo ni rahisi kuliko kuketi mezani pamoja na mama yako mkizungumza habari za ng'ombe. Huenda mama yule amekata tamaa. Huenda pia amechoka kumwudhi bintiye, akaona chai inatosha. Kutoka ofisini kwangu nisingeweza kujua, na nilimwambia hivyo.

Alikusanya karatasi zake. Mlangoni akasema ameamua kumpigia simu mama yake kabla ya siku yenyewe, amwulize mwenyewe kwa nini ameacha kuuliza.

"Umeshampigia?" nikamwuliza.

"Bado," akasema, na sote wawili tukacheka.