Hesabu ya minyoo isipumbaze wakuu wa afya

Kupungua kwa minyoo miongoni mwa wanafunzi nchini kumezua swali jipya: je, kipimo chenyewe chaaminika?

Matokeo ya mpango wa kitaifa wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo, ulioimarishwa 2012, hasa Magharibi, Nyanza na Pwani, hutathminiwa kwa mbinu iitwayo Kato-Katz. Mhudumu wa maabara hupaka miligramu 41.7 pekee za kinyesi kwenye kioo, akahesabu mayai kwa hadubini, kisha akazidisha kwa 24 kukadiria mayai yaliyomo katika gramu moja.

Mbinu hiyo ni nafuu, nayo hufaa minyoo wanapokuwa wengi. Lakini mtoto mwenye minyoo wachache hutoa mayai machache, tena yasiyolingana siku hadi siku. Isitoshe, mayai ya minyoo wa safura hufifia yasionekane kioo kikikaa zaidi ya saa moja hivi.

Hivyo basi, kadiri dawa zinavyofaulu ndivyo kipimo kinavyozidi kukosea. Kusitisha matibabu kwa kutegemea sampuli moja, badala ya kurudia kwa siku tofauti, ni kumpa adui fursa ya kurejea. Simba mwenda kimya ndiye mla nyama.