Cheche na Uwanja wa Nyumba



Juma hili twapenda kuwazungumzia jambo lililo mbali kwa masafa, lakini karibu kwa mazingatio. Tarehe 8 Novemba 2018, katika jimbo la California nchini Marekani, moto wa msituni uliuvamia mji wa Paradise. Watu 85 walifariki, wengi wao wazee, na majengo zaidi ya 18,000 yakateketea. La ajabu ni kwamba katika mitaa mingi nyumba ziligeuka majivu ilhali miti iliyozizunguka ingali imesimama na majani yake.

Vipi moto uile nyumba na kuuacha mti? Jawabu ni cheche. Upepo huzitanguliza mbele ya moto, pengine zaidi ya kilomita moja, zikatua penye majani makavu juu ya paa, kuni zilizoegemezwa ukutani au tundu la hewa la darini. Nyumba huanza kuungua hapo, kisha ikaiwasha ya jirani.

Kwa sababu hiyo, sheria ya California humtaka mwenye nyumba iliyo karibu na vichaka kusafisha mita 30 kuizunguka, au hadi ukomo wa kiwanja chake. Wazima moto huzigawa mita hizo mara tatu. Mita moja na nusu ya kwanza kusiwepo kitu kishikacho moto. Hadi mita 9, majani na matawi makavu huondolewa, na rundo la kuni husogezwa mbali zaidi. Zilizobaki, nyasi zisipindukie sentimita 10. Matundu ya dari nayo huzibwa kwa wavu wa waya wenye macho madogo.

Kazi zote hizo ni za ufagio, reki na panga, nazo hufanywa kabla moshi haujaonekana.

Sisi tunaoezeka kwa makuti tuna haja ya somo hili. Kaskazi inapovuma na ardhi imekauka, cheche moja ya biwi linalochomwa uani yatosha kulishika paa. Mtume wetu (s.a.w.) alitukataza kuuacha moto ukiwaka majumbani tunapolala, basi tusilale na kuni na vifuu vikiwa vimepangwa ukutani mwa jiko.

Lakini yupo asiyeweza kupanda ngazi wala kushika panga: bibi mjane wa nyumba ya pili, au mzee mgonjwa. Uwanja wake ukijaa makavu, hatari ni yake na yetu pia. Akina mama, watumeni vijana wenu wakamfagilie kabla ya kufagia kwenu. Hiyo ni haki ya jirani, na ni kinga ya mtaa mzima.

Wabillahi tawfiq.