Hofu haiko kwenye damu, iko kwenye maneno

Kuna rafiki yangu hunitumia hadithi za kutisha anazoandika kwenye simu. Nikifika aya ya pili, damu imeshatapakaa kote. Kichwa huku, utumbo kule. Na mimi naendelea kula chipsi zangu bila wasiwasi. Shida iko wapi?

Vijana wenzangu, msomaji haogopi kwa sababu umemwambia aogope. "Nywele zikamsimama" na "moyo ukamwenda mbio" tumeyasoma hadi hatuyasikii tena.

Soma "The Tell-Tale Heart", hadithi fupi ya Mmarekani Edgar Allan Poe iliyochapishwa mwaka wa 1843. Ni kurasa chache tu. Muuaji ndiye anayesimulia, na anaanza kwa kusisitiza kuwa yeye si mwendawazimu. Kadiri anavyojitetea ndivyo tunavyozidi kuona huyu jamaa hayuko sawa. Poe mwenyewe hatuambii. Tunajua kwa jinsi anavyoongea: sentensi fupi zinazokatika kama mtu anayehema, neno lile lile likirudi tena na tena.

Angalia pia muda. Kuingiza kichwa tu kwenye chumba cha mzee anayemvizia kunamchukua saa nzima. Kuukatakata mwili? Mstari mmoja, basi. Tena anajisifu kwamba hakuacha hata doa la damu. Kinachotubaki masikioni ni mapigo ya moyo, anayoyafananisha na mlio wa saa iliyofunikwa kwa pamba. Saa na pamba! Vitu vya kawaida kabisa, lakini usiku huo hulali.

Kuna watakaosema hayo yanawezekana kwa Kiingereza pekee. Si kweli. Kiswahili chetu hurudia maneno kila siku: polepole, kimyakimya, mojamoja. Na kumbuka kule bwenini, taa zikishazimwa. Yule aliyejua kusimulia hakupiga kelele. Alishusha sauti, akahesabu hatua za mtu anayekuja, kisha akanyamaza. Ni ule unyamavu uliotufanya tuvute blanketi.

Kwa hivyo kabla hujamchinja mhusika wako, mwache kwanza asikie bomba la jikoni likidondosha maji. Tone. Tone. Halafu kimya, na anaishi peke yake.

Andika hiyo unitumie. Chipsi nitaziweka kando.