Akiba ya uzeeni Marekani: Mfuko usioshuka una masharti gani?

Mtu anayeajiriwa Marekani, awe muuguzi wa Minnesota au mpakiaji wa mizigo katika ghala la Texas, mara nyingi huletewa fomu ya akiba ya uzeeni iitwayo 401(k). Kwenye orodha ya mifuko anayoweza kuchagua huwamo mmoja ambao salio lake hupanda kidogo kidogo na kwa kawaida halishuki. Huo ndio mfuko wa thamani thabiti. Ndugu zetu wengi wanaofanya kazi huko wameweka jasho lao humo, na swali lao ni la haki: pesa zisizoshuka zinalindwa na nani?

Hazilindwi na serikali. Bima ya serikali inayolinda amana za benki hadi dola 250,000 haiugusi mfuko huu. Kinachoulinda ni mkataba.

Mkataba unavyofanya kazi

Msimamizi wa mfuko hununua hatifungani, nyingi zikiwa za muda mfupi na wa kati. Riba ikipanda, hatifungani za zamani hushuka bei, kwani hakuna atakayenunua kwa bei kamili karatasi inayolipa asilimia 2 wakati sokoni zipo mpya za asilimia 5. Mfuko wa kawaida wa hatifungani ungemwonyesha mfanyakazi hasara hiyo siku hiyo hiyo.

Mfuko wa thamani thabiti haumwonyeshi. Kampuni ya bima au benki imetia saini, kwa ada, kwamba mwanachama akistaafu au akiacha kazi atalipwa alichoweka pamoja na riba aliyokwisha kuandikiwa, hata kama soko limeanguka.

Lakini hasara yenyewe haijatoweka. Tuseme vitabu vya mfuko vinasoma dola 100 na hatifungani zilizomo zinauzika kwa 95. Zile dola 5 hufidiwa polepole, kwa kuwaandikia wanachama riba ndogo zaidi katika miaka inayofuata. Riba hiyo hupangwa upya mara kwa mara, mara nyingi kila robo mwaka. Kwa maneno mengine, mwanachama hulipia utulivu wake kwa awamu.

Mtihani wa 2022

Mwanzoni mwa 2022, riba ya Benki Kuu ya Marekani ilikuwa karibu na sifuri. Kufikia Julai 2023 ilikuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.50. Katika mwaka 2022 hisa na hatifungani zilianguka pamoja, jambo lisilo la kawaida; kipimo kikuu cha hatifungani za Marekani kilipoteza takriban asilimia 13. Wenye mfuko wa thamani thabiti hawakuona salio lao likipungua.

Tatizo lilikuja baadaye. Mifuko ya soko la fedha ilianza kulipa zaidi ya asilimia 5, huku mifuko mingi ya thamani thabiti ikiwa bado imebeba hatifungani za zamani na kulipa chini ya hapo. Waliotaka kuhama walikutana na sharti la siku 90: huwezi kutoka humo na kuingia moja kwa moja katika mfuko unaoshindana nao. Lazima pesa zikae kwanza kwingine, kwa mfano kwenye hisa. Mwajiri anayetaka kuondoa mpango wake wote naye anaweza kuambiwa asubiri miezi 12.

Masharti haya huudhi, lakini yana sababu. Wakiondoka wote na dola 100 wakati zilizopo ni 95, watakaobaki ndio watakaobeba pengo.

Pale ahadi ilipokatika

Aprili 1991, wasimamizi wa bima wa California waliichukua kampuni ya Executive Life, iliyokuwa imejaza hatifungani zenye hatari kubwa. Baadhi ya waajiri walikuwa wamenunua mikataba yake kwa pesa za uzeeni za wafanyakazi wao, na malipo yakasimama. Tangu hapo ulienea mtindo wa hatifungani kubaki mali ya mpango wenyewe, mtoa dhamana akiwa mlinzi tu. Hata hivyo, mikataba ambayo pesa huwekwa kwa kampuni ya bima yenyewe bado ipo.

Kisha ikaja 2008. Lehman Brothers ilifilisika mwezi Septemba, na Desemba mfuko wa thamani thabiti wa wafanyakazi wake ukaonyesha hasara ya chini ya asilimia 2. Ni kidogo ukilinganisha na hisa mwaka ule, ila iliwapata watu waliokuwa wamepoteza kazi. Kwa kawaida dhamana hizi haziwajibiki kwa pesa zinazotolewa kwa sababu ya mwajiri kufilisika au kupunguza watu kwa wingi.

Nani anafaidika?

Mwenye miaka 62 anayekaribia kustaafu ana sababu nzuri ya kuutumia. Kijana wa miaka 25 anayeweka kila kitu humo kwa kuogopa hisa ana hatari nyingine: mwaka 2022 mfumuko wa bei Marekani ulikuwa asilimia 8, na salio lisiloshuka lilikuwa likinunua bidhaa chache kila mwezi. Mwaka 2007 Wizara ya Kazi ya Marekani ilikataa mfuko huu uwe chaguo la kudumu la michango mipya ya mfanyakazi asiyechagua mwenyewe. Tunaona ilikuwa sahihi.

Hata kwetu dhana hii ipo. Kenya ina mifuko yenye dhamana inayoendeshwa na kampuni za bima kwa ajili ya skimu za waajiri. Huko nako, uimara wa dhamana ni uimara wa aliyeitoa.

Kwa hiyo, kabla ya kutia alama kwenye fomu, uliza ofisi ya utumishi mambo matatu. Nani ametia saini dhamana, ni kampuni moja au kadhaa? Thamani ya sokoni ni asilimia ngapi ya ile ya vitabuni? Na mwajiri akifunga au akiuza biashara, mkataba unasemaje? Majibu yapo kwenye nyaraka za mpango, na mwanachama ana haki ya kuziomba.